Mkono Ulioliangusha Kanisa la Mawe

Wiki iliyopita tulimzika fundi wa mawe wa parokia yetu hapa Tetu, na tangu siku hiyo sijatulia. Nikikaa nasimama, nikishika jembe naliacha katikati ya mstari. Alikuwa mdogo kuliko mafundi wote waliochonga mawe ya kanisa la zamani chini ya bruda Mtaliano, huku sisi wasichana tukiyabeba mgongoni kutoka machimboni, kamba zikitukata vipaji vya uso. Siku ya kuondoa mbao zilizoshikilia tao la mlango mkuu, bruda alimwamuru asimame chini ya tao alilolijenga mwenyewe. Alisimama, akavua kofia, akatazama juu hadi ubao wa mwisho ulipotoka. Haikuanguka hata kokoto.

Kanisa hilo halipo tena, na leo nakiri kwamba mkono wangu ulisaidia kuliangusha. Waumini walikuwa wameongezeka, watoto wakinyeshewa nje kila Pasaka, basi kamati ikatuletea mchoro wa kanisa jipya tuupigie kura. Nilikuwa kiongozi wa akina mama. Sikuwahi kuingia darasani. Hata safu hii huiandika mjukuu wangu nikimsimulia. Hata hivyo niliukunjua mchoro mbele ya wote, nikautazama kwa makini, nikiamini kwamba jengo jipya litakaa kando ya la zamani. Fundi, aliyeketi nyuma yangu, akainama.

“Mama, hiyo karatasi umeishika miguu juu. Hebu zungusha, uone kanisa yetu wameiweka wapi.”

Waliosikia wakacheka.

“Wewe fundi, shika mawe yako,” nikamjibu. “Karatasi waachie wenye macho.”

Nikainua mkono, na akina mama wote wakainua yao. Mwezi uliofuata tingatinga likaja. Kuta zilianguka asubuhi moja. Tao lilishindana nalo siku mbili. Mawe yakamwagwa kwenye msingi mpya kama kifusi. Fundi aliendelea kunisalimu kwa heshima ileile, na ndiyo sababu nikawa namkwepa.

Ukishuka kutoka Nyeri hadi Murang'a, kisha mpaka Kenol, utaona parokia baada ya parokia zikijenga kwa saruji na vioo. Siwalaumu, kwa maana watu wanahitaji pa kukaa. Ninachotaka kujua ni nani aliyeulizwa, na kama aliyejibu alilielewa swali.

Baada ya mazishi nilimfuata mjane wake jikoni, nikamwambia kwamba siku ile sikuuelewa mchoro. Aliendelea kusuuza vikombe.

“Alijua, mama. Alikuja hapa akaniambia, ‘Nilitaka kumsaidia pole pole, nikaharibu na mzaha.’ Ati alikuwa anangoja umuulize.”

Nikachukua kitambaa, nikaanza kuvikausha vikombe. Enyi wenzangu ambao hamkusoma, nanyi mliosoma mkaona haya kuuliza: mtu akikuwekea mbele karatasi usiyoielewa, sema huielewi kabla hujainua mkono. Aibu hiyo ni ya dakika moja. Na yule awezaye kukueleza hatakungoja milele.