Bibi Aliyekuja Kudai Joto

Wanaosema mizimu hupenda giza na mapango hawajawahi kuishi Maretadu, kijiji chetu cha Mbulu, mwezi wa saba. Mimi nimeishi, na niliyekutana naye alipenda joto. Najua utacheka. Cheka tu, lakini mke wangu alikuwepo, mama mkwe wangu alikuwepo, na mama mkwe si mtu wa kusema uongo kwa faida yangu.

Mimi ni mwalimu, mzaliwa wa Tanga. Baridi ya Mbulu ilinipokea vibaya mno, hata kaka yangu alipohama nyumba kule Arusha nikamwomba kiyoyozi chake, kile cha aina inayoweza kupuliza baridi au joto. Fundi akakifunga, boksi moja ukutani sebuleni na jingine nje, nyuma ya nyumba. Majirani wakaja kushangaa. Kiyoyozi, Mbulu? Mama Paskalina, jirani yangu wa karibu, aliniuliza kwa upole kama na friji nitaivalisha sweta. Walipokaa sebuleni wakaonja lile joto, kicheko kiliisha, na wageni wakaanza kuwa wengi kuliko chai.

Mwaka uliofuata mke wangu alijifungua, na mama mkwe akaja kumlea mzazi. Hapo ndipo mashine ilipoanza visa. Upepo wake ukawa dhaifu, kama mtu anayepuliza uji. Ikanuka soksi mbichi. Ikakoroma. Umeme ukawa unakwisha upesi, na sebule bado baridi. Mimi nikafanya nini? Nikapandisha joto kwenye rimoti, kisha nikaulaumu mwezi wa saba. Mama mkwe alisema mashine ina jini, akaisomea dua. Jini halikutoka. Basi akatoa uamuzi wake: nyumba isipopata joto, Jumamosi anarudi Tanga na binti yake na mjukuu wake. Niamini, niliumia. Mtoto ndiyo kwanza alikuwa ameanza kunitambua.

Alhamisi jioni ukungu ulishuka mpaka zizi la jirani likapotea machoni. Tukasikia fimbo ikigonga mlango. Akaingia bibi mzee sana, amejitanda shuka, miguu peku. Mama mkwe wangu, ambaye kwa miaka mingi yeye ndiye huamkiwa, alijikuta amesimama na kusema shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," bibi akaitikia, akaenda moja kwa moja kuketi kwenye kiti kilicho chini ya mashine. Hakungoja kukaribishwa.

Mke wangu akammiminia chai. Bibi hakuigusa.

"Chai nitakunywa joto likirudi," alisema. "Huyu mnyama wenu anaumwa."

Nikamweleza kwamba si mnyama, ni mashine. Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi anayebishana na ubao. Akasema zamani watu walilala na ng'ombe humo humo ndani, na pumzi za ng'ombe ndizo zilizopasha nyumba joto. Ng'ombe akianza kupumua kwa shida, au akitoa harufu, mwenye nyumba hampigii kelele ajitahidi zaidi. Anamtazama pua.

"Pua ya huyu imeziba," akasema. "Na mgongo wake kule nje mmeufunika takataka. Mimi nakaa hapa kila jioni. Nimeona joto linavyopungua, nikasema nije niwaambie."

Kila jioni? Tulitazamana. Mama mkwe akamvuta mjukuu kifuani.

Nikawasha tochi ya simu nikazunguka nyuma ya nyumba. Boksi la nje lilikuwa halitambuliki. Tulipopukuchua mahindi na kupeta maharage uani, makapi yote yalikwenda kunasa kwenye vile vyuma vyake vyembamba, na juu ya makapi barafu imeganda. Maskini mashine, ilikuwa inatafuta hewa haipati. Nilirudi ndani mbio kumshukuru bibi, nikakuta kiti kitupu. Mke wangu aliapa kwamba hakupita mlangoni. Chai yake ilikuwa bado inafuka mvuke.

Ijumaa nilitoka shule mapema. Kwanza nikazima umeme kwenye swichi kuu. Nikafungua kifuniko cha boksi la ndani, nikatoa chujio, vumbi limeshonana kama blanketi. Nikaliosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, nikalianika kivulini mpaka likakauka kabisa. Kule nje nikapangusa makapi kwa brashi laini, nikamwagia maji taratibu. Nilipowasha, joto lilijaa sebuleni hadi mtoto akalipiga teke blanketi lake. Nilicheka kwa furaha kama mjinga.

Mama Paskalina alikuja kuota joto, nami nikamsimulia habari za bibi, shuka lake na fimbo yake. Akasema huyo ndiye mwenye boma la zamani, lililokuwa hapa kabla ya nyumba yetu, na alizikwa kabla yeye Mama Paskalina hajaolewa. Ng'ombe wake walilala upande ule ule ilipo mashine.

Jumamosi mama mkwe hakufunga mizigo. Alisema si adabu kuondoka huku mwenye nyumba hajanywa chai. Akamimina kikombe, akakiweka kwenye kile kiti, tukaenda sote jikoni. Tuliporudi kilikuwa kitupu.

Mtoto sasa anakimbia, na mama mkwe bado yupo nasi. Mimi nikichelewa kusafisha chujio, ukuta wa nyuma hugongwa kwa fimbo, nami hutoka na brashi yangu bila ubishi.

Basi nawe mwenye mashine kama yangu, upepo wake ukidhoofika, ikinuka, ikikoroma, au boksi la nje likiganda barafu isiyoyeyuka, usikimbilie rimoti na usilisingizie jini. Zima, safisha, na ukishindwa mwite fundi. Hujui ni nani mwingine anayeota joto hilo pamoja nawe.