Presha Yangu, Jina la Papa

Katika ofisi yetu ya komini, hapa Kisangani, tunakoandika vizazi na ndoa, kusainiana ni desturi. Mvua ikimkamata mwenzako njiani, unamtilia sahihi kwenye daftari la mahudhurio, naye kesho atakutilia yako. Mimi nilizijua sahihi za watu sita, na kusema kweli nilijivunia.

Basi siku wauguzi walipokuja kupima afya za wafanyakazi, hatukuona ajabu kutumia ujuzi ule ule. Walikaa katika chumba cha kufungia ndoa, vifaa vyao juu ya kitambaa cheupe cha maharusi. Kwa jina langu alikuwa amekwishapimwa mwenzangu wa ofisi ya kodi. Wauguzi ni watu ninaowaheshimu kwa mbali.

Mzee wa ofisi yetu, aliyenifundisha kuandika vyeti na ambaye sote tulimwita papa, alinivuta nyuma ya kabati. Alikuwa amesikia kwamba mzee atakayekutwa na presha ya juu atapumzishwa kazi moja kwa moja.

"Mutoto yangu, ku nyumba nitafanya nini? Mama yenu alishakufa, batoto beko mbali. Ni hii kazi tu iko nanisimamisha. Ingia ku fasi yangu. Weye uko na nguvu."

Nilikubali papo hapo. Sote tulijua kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na sote tulificha.

Muuguzi, mama mnene mwenye miwani, alisoma karatasi, akanitazama.

"Papa, miaka makumi sita na tatu? Unaonekana kijana, eh!"

"Ni pondu, mama. Kila siku majani ya muhogo."

Alicheka, akanifunga kile kitambaa cha kupimia mkononi, akakijaza upepo. Kicheko kikaisha. Akapima na mkono wa pili.

"Kichwa haikuumaka?"

Kilikuwa kinaniuma karibu kila asubuhi. Nilizoea kulilaumu jua. Nikasema hapana, maana nilikuwa namjibia papa, na papa hakunieleza habari za kichwa chake.

"Bon. Hii tension iko juu sana. Leo leo hospitali. Kazi, uache kwanza."

Akayaandika hayo kwa wino mwekundu, chini ya jina la papa.

Nilimkuta papa akinisubiri kibarazani. Alisoma ile karatasi, akakaa kwenye benchi. Niliona aibu hadi masikioni: nilitaka kumwokoa mzee wa watu, nikamwangusha mwenyewe. Nikamwambia nitaichana, nitamtafutia mtu mwingine mwenye damu tulivu.

Akanishika mkono.

"Hii tension haiko yangu, mutoto yangu. Iko yako."

Wallahi, sikuwa nimelifikiria. Kutoka mlango wa chumba kile hadi pale kibarazani, nilikuwa bado najiona mzima kabisa.

Papa aliinuka, akaingia mbele yangu, akaeleza yote. Muuguzi alianza kutugombeza kwa Kiswahili, akaendelea kwa Lingala, akamalizia kwa Kifaransa. Kisha akatupima wote wawili, kila mtu kwa jina lake. Presha ya papa nayo ilikuwa juu. Alijua itakuwa hivyo, na aliingia hata hivyo.

Uvumi haukuwa wa bure. Yeye alipumzishwa kwa umri wake, mimi kijana nilipewa vidonge na kurudi mezani kwangu. Hadi leo sijui namna ya kumshukuru mtu kwa jambo kama lile, na kila nikijaribu ananikatiza kwa mzaha.

Ila kila asubuhi, kabla sijafungua daftari, ananipigia simu.

"Umemeza?"

"Nimemeza, papa."

Siku moja nilikuwa sijameza, nilichelewa, nikamjibu vile vile. Akauliza:

"Kweli, ao uko unanisainia tu?"

Nikafunga ofisi, nikarudi nyumbani kumeza.