Safari ya Kuvua Samaki Bila Sababu

Nilimwahidi baba yangu kwamba, kabla hajastaafu na kurudi kwetu magharibi, nitampeleka kuvua samaki bila sababu. Ni hayo maneno mawili ya mwisho yaliyomtia wasiwasi.

"Bila sababu vipi?" aliniuliza. "Samaki mwenyewe ameambiwa?"

Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, nami niliamini kwa dhati, kama ninavyoamini hata leo, kwamba mtu asiyejua kupumzika hajawa huru bado, hata akikabidhiwa nchi nzima na funguo zake. Baba alikuwa akifanya kazi katika karakana ya reli hapa Nakuru tangu kabla sijazaliwa. Likizo zake zote alizimaliza kwa kulima, kuezeka na kuzika. Sasa ilibaki likizo moja tu, na baada yake angepanda gari moshi kwenda nyumbani moja kwa moja, ambako mama alikuwa amekwisha kumwekea jembe jipya tayari. Likizo hiyo ikipotea, baba angeingia kaburini bila kukaa bure hata siku moja.

Mpango wangu ulikuwa na sehemu mbili. Kwanza tungevua mto Malewa, upande wa Gilgil, ambako walowezi walikuwa wamepanda samaki wao wa kigeni waitwao trauti, kama mtu anavyopanda maua ya kwao. Kisha tungeteremka Mombasa kwa pasi ya reli, ile tiketi ya bure ya wafanyakazi, tuivue bahari. Tungetumia mshipi na ndoana, si nyavu; na tungewarudisha majini wote tuliowavua, ili pasiwe na shaka kwamba tulikuwa tukistarehe.

"Unamrudisha?" baba alisema. Yeye alizaliwa kando ya ziwa.

"Naam, baba."

"Umekwisha kumtoboa mdomo?"

"Hupona."

"Mwalimu, mimi ningekuwa samaki ningeomba niliwe. Anayenila ananiheshimu. Huyu wa kunitoboa na kuniaga ananitakia nini?"

Nilimweleza kwamba huo ni mchezo. Akasema michezo ya Wazungu anaifahamu: kule Milimani amewaona wakikipiga kijipira kwa fimbo mpaka kipotee, kisha wakaajiri mtu wa kukitafuta.

Hata hivyo, nilikwenda kuomba leseni ya mtoni. Katika ofisi ya leseni kulikuwa na mama wa Kizungu aliyekisema Kiswahili kama mtu anayefukuza kuku.

"Wewe boi ya nani?"

"Mimi ni mwalimu, mama."

"Mwalimu ya nani? Bwana yako nataka samaki ngapi?"

Nikamjibu kwa utaratibu kwamba sina bwana na sitaki samaki. Nataka kuvua tu, pamoja na baba yangu, tustarehe. Alinitazama kwa huruma ya kweli. Akanishauri nirudi na barua ya mwajiri wangu, na ikiwezekana ya daktari.

Nilirudi nyumbani nimekasirika, nikiandaa hotuba juu ya haki. Baba hakunipa nafasi ya kuitoa.

"Acha mto wao. Twende baharini. Huko hata mzungu bado anafikiria pa kuweka geti."

Kosa letu lilikuwa kulitaja neno bahari ndani ya landi, yaani zile nyumba za reli, ambako ukuta mmoja hutenganisha familia mbili na hausitiri siri ya yeyote. Kabla ya jioni maagizo yalianza. Mama jirani alitaka papa mkavu. Fundi mmoja alitaka changu, "mkubwa, shemeji, si wa kupimia mkono." Kutoka Lanet shangazi alituma salamu pamoja na gunia tupu. Kwa watu wetu, mtu aliyekwenda majini akarudi mikono mitupu ni mtu aliyefiwa au mwizi aliyeuza njiani. Nilimwona baba akihesabu magunia, nikajua kwamba starehe yake imegeuka kuwa biashara isiyo na faida.

"Waambie hatuleti," nilimsihi.

"Niwaambie nini? Kwamba mtoto wangu amesoma mpaka akawa mchoyo?"

Lakini asubuhi yake, mama jirani alipokuja kuongeza oda, baba alishika kiuno na kusema polepole, "Mama, mwili umechoka. Mombasa nakwenda kutafuta nafuu."

Alisema hayo tu. Landi ikayamalizia. Maagizo yakakoma, na badala yake yakaja mayai, uji, jogoo mmoja, na Jumapili mchana wakaja wanakanisa kumwombea.

Mzee wa kanisa, ambaye siku za kazi aliosha mabehewa, aliliombea figo, akaliombea ini, na kwa kuwa hakuambiwa ugonjwa ni upi, akaombea pia viungo vyote ambavyo madaktari hawajavigundua. Alipoanza kuibariki mikono ya daktari wa Mombasa, dhamiri yangu ilishindwa.

"Mzee, samahani," nilisema. "Hakuna daktari. Tunakwenda kuvua samaki."

Wanakanisa wote waligeuka kunitazama. Jogoo peke yake, aliyefungwa mlangoni, alionekana kufurahi.

"Kuvua?" mzee alifumbua macho. "Na ugonjwa?"

Baba hakunikemea. Alitazama mikono yake.

"Ugonjwa upo. Nimechoka. Nilianza kuchoka kabla ya huyu mwalimu kuzaliwa. Mchana sijawahi kulala ila nikiwa na homa, na hiyo homa nayo nilikuwa nikiionea haya."

Mzee wa kanisa alikifunga kitabu chake cha nyimbo.

"Na huko Mombasa nafuu ipo?"

"Mwalimu anasema ipo."

"Basi mimi pia naumwa. Pasi yangu iko kabatini mwaka mzima."

"Wewe umeanza kuumwa lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu harusi, mama watoto."

Kicheko kilichozuka kiliipeleka ibada mbali, nayo haikurudi tena. Mama jirani alipangusa machozi, akajaribu bahati yake mara ya mwisho. "Sasa si mtaniletea basi hata kichwa cha changu?"

"Mgonjwa haagizwi," walijibu wazee wote wawili kwa pamoja, nao wakaanza kubishana ni nani atakayekaa dirishani.

Tukasafiri watatu. Siku ya kwanza baharini, jua likiwa utosini, baba alilala kwenye mchanga, mshipi ameufunga kwenye kidole cha mguu, akikoroma bila aibu, huku samaki wakila chambo chake chote. Sikumwamsha.

Nakuomba, msomaji: mzee wako akikuambia anakwenda kupumzika, mbebee mzigo wake hadi stesheni, na usimwagize kitu.