Masanduku Kumi na Manane ya Mzee Pua

"Nikifa hamtajua," Mzee Pua alisema kwenye kipaza sauti, siku ya mkutano wa chama cha wafanyabiashara. "Mtakunywa chai yangu kama kawaida. Haitabadilika hata chembe."

Watu wakapiga makofi. Mwanawe alipiga kuliko wote. Huyo ndiye ninayetaka kusimulia habari zake: ana miaka hamsini na miwili, mvi mpaka masikioni, na soko zima bado linamwita Bwana Mdogo.

Babu wa ukoo wao alitoka Asia na mizani moja na pua. Mizani ilivunjika, pua ikarithiwa. Kila Jumatatu Mzee Pua alijifungia chumba cha nyuma, akavuta chai kwa kijiko, fyuuu, akatema kwenye ndoo, kisha akachanganya aina tano kwa vipimo ambavyo havikuwahi kuandikwa popote. Yeye alifundishwa na baba yake aliyekuwa kitandani anakata roho, na kwao ndivyo ilivyo: siri haikabidhiwi wakati mzee bado anatembea. Kumwuliza "utanifundisha lini" ni sawa na kumwuliza "utakufa lini." Bwana Mdogo hakuuliza. Alisubiri miaka thelathini, akibeba masanduku.

Mwaka wa mwisho mzee alifanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Sisi wapakiaji tukaambiana, haya, jamaa anafundishwa sasa. Chuoni, kabla sijatoka na nusu ya diploma, walituchosha muhula mzima na mipango ya kurithishana biashara za familia. Nikasema kumbe mzee kaelewa somo kuliko mimi.

Akafa Jumanne moja mchana, kwenye kiti chake, kijiko mkononi. Hakupata hata dakika ya kulala kitandani na kumwita mwanawe. Tulipofungua stoo tukakuta masanduku kumi na manane yaliyozibwa, yamejaa chai tayari, na juu ya kila moja tarehe ya kufunguliwa, kwa chaki, kwa mwandiko wake ule wa kulala upande. Sanduku moja kila mwezi. Mzee hakumrithisha mtu. Alijirithisha mwenyewe.

Bwana Mdogo akaendelea kutumwa na baba yake kama zamani, ila sasa baba alikuwa kaburini. Tarehe ikifika anavua viatu, anaingia stoo, anagonga sanduku mara mbili kama mlango wa mtu. Kiti hakukikalia. Asubuhi moja nikasikia fyuuu kutoka chumba cha nyuma, nywele zikanisimama. Nikachungulia. Alikuwa Bwana Mdogo, amesimama nyuma ya kiti, kijiko mdomoni, macho yamefumbwa, anajaribu. Kwa uso ule, ilikuwa kama anaonja maji ya moto.

"Mzee hajafa huyu," mwenye hoteli mmoja, mteja wetu wa zamani, akasema akichukua mzigo wake. "Nimemnywa leo asubuhi."

Yalipobaki masanduku matatu, akaja dada yake, mfamasia, mwanamke asiyezunguka maneno.

"Kaka, tuonje sasa tutafute vipimo, kungali na cha kulinganisha nacho. Yakiisha haya, na duka limekwisha."

"Baba ameacha karatasi."

"Wapi?"

"Sanduku la mwisho. Angeiweka wapi kwingine?"

"Basi fungua."

"Tarehe bado."

"Kaka, una miaka hamsini na miwili."

"Na tarehe bado."

Tarehe ikafika. Tulimwaga chai yote juu ya turubai, wao wawili wakaichambua kwa mikono. Hakuna karatasi. Bwana Mdogo akaingiza kichwa ndani ya sanduku, akakwaruza mbao kwa kucha mpaka dada akamshika bega.

Dada akachemsha maji. Fyuuu. Akatema. Akaonja tena.

"Hii haijachanganywa," alisema. "Ni aina moja, ile ya chini kabisa mnadani. Hii ni chai tu, kaka."

Rafuni huwa tunaweka kikopo cha mfano cha kila sanduku, mteja akilalamika tuonje pamoja. Dada akavionja kurudi nyuma. La kumi na saba, chai tu. La kumi na sita, chai tu. Hivyo hivyo mpaka la saba. La sita ndilo lilikuwa la mzee kwelikweli. Pua ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe, naye akanyamaza, akaendelea kujaza na kuandika tarehe.

"Karibu mwaka mzima," dada aliniuliza, "hakuna aliyelalamika?"

"Hakuna, dada. Mwenye hoteli ameongeza oda."

Akamgeukia kaka yake. "Umesikia? Hakuna siri ya kusubiri tena. Hii hata wewe unaiweza. Bandika jina lako, uwe mtu."

Bwana Mdogo akapiga magoti, akaanza kuirudisha chai sandukuni.

Jumatatu iliyofuata nilikuta masanduku kumi na manane mapya stoo, yamezibwa, yana tarehe za chaki. Mwandiko ule ule wa kulala upande. Nikamtafuta Bwana Mdogo. Alikuwa chumba cha nyuma, amekikalia kiti, amekaa kwenye shimo lililoachwa na makalio ya mzee kama alichongewa yeye, vidole vyeupe kwa chaki.

"La kwanza tarehe mosi," aliniambia. "Mzee hataki lifunguliwe mapema."

Nilitaka kumtania. Nikajikuta navua viatu.

Ukitaka, pakiti ya robo kilo, ile yenye picha ya mzee, ni shilingi mia tatu na hamsini.