Pamba Asilimia Mia

Mdogo wangu wa kike anashona aproni Buhongwa. Anatumia mapazia na mashuka ya mitumba, vipande vitatu au vinne kwa aproni moja. Mwaka jana mwanamke mwenye duka huko Ilemela, anayeuzia wageni na kusafirisha nje, alimwagiza aproni sitini, oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Sharti lilikuwa moja: kila aproni iwe na lebo inayosema kitambaa chake ni cha nyuzi gani. Kwa kuwa mimi ndiye niliyefika chuo kikuu nyumbani kwetu, lebo zikaletwa kwangu.

Nilizisoma kanuni za nchi aproni zinakokwenda kwa siku mbili, nimevaa miwani na uso wa mtu muhimu. Zilikuwa na busara kuliko nilivyotarajia. Kama kitambaa ni cha mabaki na haijulikani kina nini, andika hivyo: nyuzi zisizojulikana. Nilifurahi. Ni nadra mtu kuruhusiwa kisheria kusema hajui.

"Sasa nani atanunua kisichojulikana?" mwenye duka aliuliza tulipompelekea mzigo na maneno hayo ya lebo. "Andikeni pamba asilimia mia. Si nyie Wasukuma mnatoka kwenye pamba?"

Tunatoka kwenye pamba kweli. Utotoni niliichuma katika shamba la baba mpaka vidole vikachanika. Kusikia zao lile likigeuzwa muhuri wa uongo kulinipandisha damu mpaka masikioni.

Mdogo wangu alichomoa uzi kwenye pindo la aproni ya juu, akawasha kiberiti. Uzi ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki tone jeusi gumu.

"Ona, dada. Pamba ikiungua inakuwa majivu, inanuka kama karatasi. Hii ni plastiki. Ikishika moto mtu akiwa jikoni, inamgandia mwilini."

"Mteja wangu hapikii mkaa, mama. Ana jiko la umeme."

"Na akimpa msichana wake wa kazi anayechoma nyama nje?"

"Wewe ni fundi, shona. Maneno tuachie sisi na huyu msomi wako."

Wote wawili wakanigeukia. Hapa ningependa kuandika kwamba nilipiga meza. Nilisafisha koo, nikapendekeza tuandike "pamba kwa kiasi kikubwa".

"Umeona?" mwenye duka alichangamka. "Ndiyo faida ya shule!"

Mdogo wangu alinitazama kama anayetazama samaki wa juzi. "Kaka, hicho kiasi kikubwa umekipima na nini?"

Akaanza kurudisha aproni kwenye kiroba, moja moja, bila kuzikunja. Mwenye duka alimwambia akitoka na mzigo ule asirudi tena. Akaitika, "Sawa, dada," akaendelea kujaza. Mimi nilishika mdomo wa kiroba ubaki wazi, kazi pekee ya siku ile iliyolingana na shahada yangu.

Tulipofika kwake tulichoma uzi wa kila kipande. Zaidi ya nusu ya aproni zilikuwa na uzi ulioyeyuka. Hizo akaanza kuzifumua ziwe foronya, zikae mbali na moto, meno yameuma uzi. Oda ilikuwa imekwenda, na mpaka jioni hakuniambia neno lolote isipokuwa, "Shika hapa."