Mgeni Rasmi Alikuja Kupokea Protini

Leo hapa Tabora tumefanya sherehe kubwa ya kupokea kichupa kidogo kuliko kidole changu.

Ndani kuna protini ya binadamu iliyotengenezwa maabara, kwa ajili ya utafiti wangu wa saratani. Kazi yake ni kuzipiga alama protini nyingine ili seli izivunje. Yaani kama wale jamaa wanaopiga X nyekundu kwenye nyumba zilizojengwa barabarani, ili zibomolewe.

Nimeisubiri tangu masika.

Imefika asubuhi ikiwa kwenye barafu kavu. Nikamwambia bosi, "Mzee, hii iingie kwenye friza sasa hivi. Ikiyeyuka, imekufa."

Akanishangaa. "Mdogo wangu, mgeni rasmi hajafika. Akija atapokea nini?"

Kweli jamani, mimi nina akili gani?

Kichupa kikawekwa mezani, juu ya kitambaa cha satini, pembeni ya maua ya plastiki. Juani. Turubai lilikuwa la waheshimiwa.

Ngoma zikachezwa. Mchana mgeni rasmi akatokea, akahutubia kuhusu sayansi, barabara, tumbaku na asali. Kisha akakiinua kichupa, akakitikisa mbele ya kamera na kutangaza, "Naona iko vizuri, imeshakuwa maji kabisa!"

Makofi. Na mimi nilipiga, niko kwenye picha.

Bosi kafurahi mno. Kaniambia niagize nyingine, ili safari ijayo tumwalike mkubwa zaidi.

Kichupa nimekipiga X nyekundu mwenyewe.

Rangi imebaki. Wadau, nihamie mlango wa nani?