Mongina, Risiti na Kikohozi cha Mzee Hezekiah

"Hii mashine itatoa risiti kabla Mzee Hezekiah amalize kukohoa!"

Mongina, fundi wa kompyuta wa ushirika wetu, alitamka hayo mbele ya foleni nzima, kwenye kituo cha kununua majani chai karibu na Kapkatet. Mzee Hezekiah, ambaye kikohozi chake kinajulikana hadi ng'ambo ya mto, akajibu, "Ukiweza, msichana wangu, nakuletea jogoo."

Meneja hakucheka. "Mpaka Ijumaa. La sivyo tunarudi kwa vitabu vya risiti za mkono, na wewe utafute kazi kwingine."

Alikuwa na sababu. Ukishapimiwa gunia, programu ilijumlisha kilo zako za mwezi kabla ya kutoa risiti, na hakuna mkulima huku anayetoka kwenye mizani bila kuona jumla yake. Ungechoma hindi ukingoja. Majani nayo yakikaa kwenye gunia yanapata joto, yanageuka kahawia, kiwanda kinayakataa.

Mongina akaupata ugonjwa: aliyetengeneza programu alihifadhi tarehe kama maandishi. Kwa kila risiti kompyuta ilisoma rekodi zote tangu mwanzo, ikigeuza kila andiko kuwa tarehe ndipo ilinganishe. Ni kama kuuliza kila mtu kanisani jina lake, kumbe unamtafuta pasta.

Akaamua kuzigeuza zote kuwa tarehe halisi, ambazo kompyuta huziweka kama namba, na kuzitengenezea faharasa ili iruke moja kwa moja hadi mwezi huu. Kompyuta ikagoma. Kumbe karani wetu Gibson, kila stima ikipotea, alikuwa akiingiza rekodi kesho yake, na penye tarehe anaandika "jana".

"Gibson, jana ya lini?"

"Si jana tu, madam. Ile siku iliyopita."

"Ona sasa! Maandishi yanakubali kila kitu, hata upuzi wako."

Akaangalia kila "jana" imefuatwa na risiti ya siku gani, akarudi nyuma siku moja. Kompyuta ikakubali.

Ijumaa foleni ilifika barabarani. Mzee Hezekiah akaweka gunia kwenye mizani, akavuta pumzi, akakohoa mara moja, risiti ikatoka na jumla yake ya mwezi. Akabaki mdomo wazi, kikohozi cha pili kimekwama njiani. Kina mama wakapiga vigelegele! Lori likaondoka na majani yote yakiwa kijani kibichi, na meneja mwenyewe akampelekea mama anayeuza chapati hapo nje vile vitabu vya risiti awashie moto.

Jumatatu mzee alikuja mikono mitupu. "Jogoo amekataa kushikwa."

"Basi nunua, mzee," Mongina akamwambia. "Wa sokoni wamefungwa miguu."

Jogoo sokoni Kapkatet ni shilingi elfu moja mia mbili; muulize Mzee Hezekiah, aliyelipa.